Ukuta wa Rasi Lulu

Likizo ile mvua zilitufungia ndani, kwetu Kinondoni, mimi na kaka yangu tukaanzisha nchi. Tuliunganisha karatasi za manila kwa gundi, tukazitandaza sakafuni, tukachora milima, mito, mikoa, na mji mkuu kando ya bahari.

Ugomvi ulianza siku ya kugawa mji mkuu. Kaka alitaka mtaa wa matajiri, akauweka kwenye rasi iliyochomoza mashariki, akauita Rasi Lulu. Sababu alikuwa nazo: upepo wa bahari unafika huko kwanza, na moshi wa viwanda hauwafuati. Akachora nyumba za mabalozi, klabu ya mashua, nyumba zenye bustani na miti ya kivuli. Kisha akachukua rula na wino mwekundu, akazungusha ukuta kando ya maji. Mstari ukapita juu ya ngalawa zangu, maana pale shingoni mwa rasi nilikuwa nimeshachora kijiji cha wavuvi.

"Kaka, sasa hawa watapita wapi?"

"Watahamishwa. Tutawajengea soko bandarini."

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Kelele zikamtoa baba chumbani. Baba alikuwa mpima ardhi, na ramani hata ya watoto hakuidharau. Alichuchumaa, akaikagua kimya, kisha akauliza ni njia gani inayofika majini bila kupita getini kwa mtu. Kaka akatafuta kwa kidole. Haikuwepo.

Ndipo baba akatusimulia mji wetu wenyewe: jinsi wakoloni walivyoigawa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakaacha uwanja wa Mnazi Mmoja katikati uwatenge watu. Oysterbay nayo ilipangwa kwa ajili ya Wazungu, ufukweni, penye upepo. "Lakini Coco Beach, ufukwe wa palepale Oysterbay, si mnakwenda?" akasema. "Mihogo mnakula, mnaogelea, hakuna anayewauliza ninyi watoto wa nani. Na wavuvi wa Msasani wako palepale jirani."

Siku hizi Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kila nikiona ukuta uliosogea hadi kwenye mchanga damu hunichemka kama siku ile.

Baba hakutoa hukumu. Alimpa kaka wembe, akamwonyesha jinsi wapimaji wanavyofuta wino: unaulaza wembe, unakwangua kidogo kidogo, unapuliza vumbi, unasugua kwa ukucha ili karatasi isinywe wino tena. Kaka akakwangua ukuta wote, ulimi nje, kwa sharti kwamba klabu ya mashua ibaki. Nikakubali. Nikachora njia kati ya nyumba mbili za mabalozi, nikaiandika kwa herufi kubwa: NJIA YA UMMA. Kaka akaitazama, akasema ni nyembamba mno, akaipanua yeye mwenyewe ili ngalawa ibebwe na mirengu yake bila kugusa ua wa mtu.