Mikoko kwa Kijerumani

Juzi mpwa wangu, yule wa Kilifi, alinitumia ujumbe usiku akilalamika kwamba ameshinda kwenye simu akitafuta maandishi ya zamani juu ya mikoko ya hori za Mombasa, yaani ile mikono ya bahari iingiayo bara, na kila anachokipata ni cha miaka ya tisini kuja mbele. "Mjomba, kwani zamani watu hawakuandika?" Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena, mpaka jibu likawa refu kuliko subira ya kijana yeyote mwenye simu mkononi. Basi naliweka hapa.

Waliandika. Mwaka 1998 mimi nilikuwa nikitafuta maandishi hayo hayo kwa ajili ya tasnifu yangu ya chuo. Mvua za El Niño zilizoanza Oktoba ya mwaka uliotangulia zilikuwa zimeshusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, na mikoko niliyoizoea tangu utoto ilianza kupukutika majani na kukauka ingali imesimama. Sababu yenyewe haikuwa siri: mchu, mti wa jamii ya mikoko, huchomoza vijiti vyake vya kupumulia juu ya tope, na mkoko wenyewe huvuta hewa kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye mizizi yake iliyopinda, tope jipya likivifunika vyote, mti hukosa pumzi hata maji yakiwa tele. Nilichokosa ni picha ya kabla. Ni miti gani ilisimama karibu na bahari, ipi ilifuata, ipi ilikuwa nyuma kabisa ikipakana na nchi kavu? Msimamizi wangu aliniambia, kwa ule upole wa wasimamizi unaouma kuliko ukali, kwamba siwezi kuandika kilichoharibika bila ya kuonyesha kilivyokuwa kizima.

Maktaba ya chuo changu, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeacha kulipia majarida muda mrefu kabla sijajiunga, na rafu ya biolojia ya bahari ilikuwa na vitabu vya shule na vumbi. Nikarudi nyumbani Mombasa, nikapanda matatu ya Kongowea, nikashuka na kuendelea hadi Mkomani, kwenye maktaba ya taasisi ya utafiti wa bahari.

Wasiojua wafahamu kwamba katika habari za bahari Mombasa haikuwa pembezoni. Tangu 1989 ulikuwepo hapo mradi uliojulikana kwa jina gumu la RECOSCIX-WIO, chini ya tume ya UNESCO ya sayansi za bahari na kwa msaada wa Ubelgiji, ambao kazi yake ilikuwa kuwatafutia maandishi watafiti wa upande wetu wa Bahari ya Hindi. Mtu wa Shelisheli au Msumbiji aliyehitaji makala fulani aliiandikia Mombasa, na Mombasa ikaitafuta makala, ikaipiga fotokopi na kuituma kwa posta. Sisi tuliokua mtaa wa pili hatukuwa na habari.

Mkutubi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo aliyevaa buibui na miwani yenye uzi shingoni. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye kadi alizokuwa akizipanga, kisha akauliza, "Wataka nini, mwanangu?" Nikamweleza. Akaniketisha mbele ya kompyuta yenye diski za ASFA, ile faharasa ya mihutasari ya sayansi za maji na uvuvi inayosimamiwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, pamoja na washirika wake, nami nikaandika neno la mikoko kwa Kiingereza na jina la Kenya. Yakaja majina ya makala mengi, yote ya juzi juzi. Nikamwita.

"Hii mashine yajua lile iliyolishwa tu," akasema. "Yaanza mwaka 1971. Wewe wataka habari za babu yako. Hizo hazitafutwi kwa kukaa kitako."

Akanitolea tasnifu nene ya mtafiti mmoja, na nilipofungua ukurasa wa kwanza alininyang'anya, akaigeuza na kuifungua kwenye marejeleo. "Anza nyuma. Shika iliyo kongwe kuliko zote humu, uitafute hiyo. Ukiipata, nayo ianze nyuma. Utashuka hivyo hivyo mpaka ufike chini." Kisha akachukua kadi iliyokwisha kutumika, akaandika mgongoni mwake majina ambayo miti yetu iliitwa zamani kabla wataalamu hawajayabadilisha: mchu, ambao leo ni Avicennia marina, waandishi wa kale wengi waliuweka chini ya Avicennia officinalis, mkandaa, Ceriops tagal, uliitwa Ceriops candolleana, mkomafi ulikuwa ukihesabiwa pamoja na Carapa. Mtu asiyeyajua majina hayo angeweza kupekua droo za kadi kutwa kucha na kuapa kwamba hakuna kitu, ilhali kitu kipo mbele ya pua yake. Kadi ile nilikaa nayo miaka mingi kabla ya kuipoteza katika kuhama nyumba.

Katika kushuka huko nilikutana pia na hesabu za idara ya misitu ya wakati wa ukoloni, ambazo hazikumhusu mwanabiolojia hata kidogo. Zilihesabu nguzo za mikoko kwa ukubwa wake, boriti, pau, mazio na fito, kwa korja, yaani ishirini ishirini, kama zilivyopakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba hadi serikali ilipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Nilizinakili kwa penseli, bila ya kujua nitazifanyia nini. Sasa nadhani zilikuwa na thamani kuliko nilivyofikiri, lakini wakati ule macho yangu yalikuwa kwenye kitu kingine.

Kitu chenyewe kilikuwa jina lililojirudia katika marejeleo ya kila mtu: Walter na Steiner, 1936, juu ya ekolojia ya mikoko ya Afrika Mashariki. Utafiti wao waliufanya Tanga. Makala yenye kurasa zaidi ya 120, katika jarida la Zeitschrift für Botanik, na kwa Kijerumani kitupu. Kila mmoja aliitaja; nikashuku kwamba si wote walioisoma. Mkutubi aliandika ombi kwa wenzake wa Ulaya, kwa kuwa wakutubi wa maktaba za bahari wana chama chao tangu 1975 na husaidiana kama jamaa, na baada ya kungoja sana bahasha ya kaki ikafika, nzito, imefungwa kwa kamba.

Hapa ndipo alipoingia binamu yangu.

Binamu yangu alikuwa mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya Bamburi, na Kijerumani alikipata kama wengi wa pwani walivyokipata, kwa kuwasikiliza wageni na kuwajibu. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalikuwa yamewafukuza wageni, mvua zikamalizia waliosalia, na wafanyakazi wa hoteli walikuwa na saa nyingi za kukaa. Nilimkuta katika chumba cha chakula cha wafanyakazi, nyuma ya jiko, na shati lake jeupe lenye kibao cha jina kifuani. Tukasogeza sinia ya wali na maharagwe, nikatandaza makaratasi juu ya meza ya mbao iliyokuwa bado na unyevu wa kitambaa.

Akakohoa, akasoma. Alisoma kwa sauti kubwa, ile ile ya kukaribisha wageni mlangoni, na sentensi ikaenda, ikaenda, ikageuka mstari, ikageuka mwingine. Nikamuuliza amesema nini. Akainua kidole: "Ngoja, kitenzi hakijafika." Kilipofika, mwisho kabisa kabla ya nukta, akashusha pumzi na kusema kwamba kuna maji, kuna chumvi, na kuna mtu amepima kitu. Mpishi aliyekuwa akimenya viazi pembeni akauliza dua hiyo anasomewa nani.

Mimi nilikuwa nikiyashika majina ya Kilatini yalipopita. Kila aliposema Sonneratia nilijua ni mlilana, aliposema Rhizophora nilijua tumeufikia mkoko, na katikati ya maneno mengine yote majina hayo yalisimama imara hata nikaanza kuweza kukisia ni wapi tupo. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro: bahari upande mmoja, nchi kavu upande wa pili, na miti imepangwa kati yake. Hapo hatukuhitaji Kijerumani. Mlilana nje kabisa, ukifuatwa na mkoko, kisha mkandaa, na mchu nyuma. Binamu yangu aliuangalia mchoro kwa muda, akaweka kidole kwenye upande wa bahari, akasema, "Hapa ndipo wale wa kaa hutega." Alikuwa hajawahi kuona karatasi ya kisayansi maishani mwake na alikuwa amekwisha kuisoma kabla yangu.

Sentensi zilizomshinda alizinakili kwenye vikaratasi vya oda na kuondoka navyo mfukoni. Asubuhi, akiwahudumia wachache waliokuwapo chai, aliwaonyesha. Vilinirudia vimejaa maandishi ya kila namna, vingine vikiwa na nambari ya meza juu na neno la kahawa limekatwa kwa kalamu. Kikaratasi kimoja wageni wawili walibishana juu yake, kila mmoja na maelezo yake upande wake, na wote wawili, nilivyokuja kubaini baadaye, walikuwa wamekosea, kwa sababu sentensi ilihusu mgandamizo wa maji ndani ya chembe hai za jani, nao walidhani ni habari ya mawimbi. Bado ninavyo baadhi. Mke wangu aliwahi kuuliza kwa nini natunza oda za mayai.

Mengine yalikwenda haraka. Niliandika, nikarudishiwa, nikaandika tena, nikapita. Msimamizi aliisifu sehemu ya Tanga, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu sawasawa: Tanga si Mwache. Mto si mmoja. Tope si moja, kivuli cha bandari si kimoja. Nilikuwa nimesumbua maktaba za mabara mawili na hoteli nzima ili kuthibitisha jinsi mikoko ilivyopangwa mahali pengine. Huenda zile hesabu za korja, nilizozinakili kwa penseli na kuziacha, ndizo zilizokuwa zikisema habari za kwetu.

Mpwa wangu ataniambia kwamba siku hizi simu humfasiria mtu Kijerumani kabla chai haijapoa, na atakuwa amesema kweli. Milango mingi imefunguliwa tangu hapo: programu ya HINARI ya majarida ya afya mwaka 2002, AGORA ya kilimo 2003, OARE ya mazingira 2006, ambazo zimewapa watafiti wa nchi kama zetu majarida ambayo chuo changu hakikuweza hata kuyaota. Sitaki kuwa mzee anayesifu njia mbaya kwa kuwa ndiyo aliyopita. Nasema tu kwamba ripoti nyingi za pwani hii hazikupita katika jarida lolote, hazikuingizwa katika mashine yoyote, na yule anayejua zilipo hukaa nyuma ya meza fulani na hustaafu. Nimemwandikia aende Mkomani. Kama bado wanatoa kadi, sijui.

Sharti la mkutubi, tangu siku ya kwanza, lilikuwa kwamba kazi yangu ikikamilika nimletee nakala. Nilimpelekea ikiwa imejalidiwa kwa rangi ya samawati, na nilitarajia aisome jina, au walau aniambie hongera. Aliigeuza, akaifungua nyuma. Alipita kwenye marejeleo kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, nami nimesimama, mpaka akafika kwa Walter na Steiner. Kompyuta niliyopigia chapa haikuwa na herufi za Kijerumani, na neno la ekolojia nililiandika kwa O ya kawaida. Akaweka nukta mbili juu yake kwa wino, akazifanyia vivyo hivyo nyinginezo, akapuliza zikauke.

"Atakayeitafuta baadaye asikwame hapa," akasema, na akafungua daftari lake kunionyesha fedha za fotokopi nilizokuwa sijalipa.