Hiki si kivumbasi

Mwezi wa sita nilikwenda Mtama kumsaidia shangazi kupalilia mikorosho. Jioni nikakuta pindo la kanga yangu limejaa vikombe vidogo vikavu, vimeng'ang'ania uzi kwa miiba. Nilivibandua kimoja kimoja mpaka adhana ya magharibi.

“Kivumbasi pori hicho,” shangazi akasema. “Usikimalize, tunafukizia mbu.”

Harufu kweli ilikuwa kali kama ya kivumbasi. Shina la pembe nne, majani mawili mawili yakitazamana: ukoo mmoja na mrehani na mnanaa. Lakini kivumbasi chetu cha uani hakijawahi kunichoma.

Asubuhi nikakata tawi la kila kimoja, nikayalaza kwenye ungo. Maua ya kivumbasi ni meupe, yamepanda juu ya majani, duara juu ya duara. Ya mwenzake ni ya zambarau, yamejibana kwenye makwapa ya majani. Kikombe cha ua ndicho kilichonikatia shauri: kina mistari kumi iliyotuna kama mbavu, na mdomoni miiba mitano iliyonyooka. Nilipokipasua nikakuta mbegu mbili bapa, nyeusi. Kivumbasi kwa kawaida hubeba nne. Nikazitia maji mbegu za pande zote, zote zikavaa ute. Kipimo hicho msikitegemee.

Kumbe ni Hyptis suaveolens, siku hizi wataalamu hukiita Mesosphaerum suaveolens. Kwao ni Amerika ya joto, lakini kimeshaenea Afrika na Asia. Neno suaveolens ni Kilatini, maana yake chenye harufu nzuri, na harufu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya mifugo wakiruke. Nyasi zinaliwa, chenyewe kinabaki, kinarefuka kuniishinda kimo, kinafunga njia. Kwa mbu shangazi hakukosea, moshi wake unawafukuza kweli. Ila cha kufukizia kipo uani, tena hakimezi shamba.

Alinisikiliza, akavishika vile vikombe kwa kidole, akasema, “Basi tung'oe.” Vilivyokuwa na maua mabichi tuling'oa na mizizi. Vilivyokauka tulivikata taratibu, tukavitia kwenye kiroba visipukutike, tukavichoma.

Upande wa njia ya mbuzi bado. Nitarudi mvua zikianza, miche ikiwa midogo. Kanga niliikung'utia jikoni, juu ya moto, kabla ya kupanda basi la Lindi.