Nilivyoongeza nukta ya ufuatiliaji katika msimbo wa Linux unaoanzisha programu

Kuna kosa moja linalowapotosha wengi. Programu iliyotengenezwa kwenye mfumo unaotumia glibc (maktaba ya msingi ya lugha ya C) inanakiliwa hadi kwenye Alpine, mfumo wa Linux usiotumia glibc; faili inaonekana wazi kwenye saraka na ina ruhusa zote, lakini ukiiendesha unajibiwa kwamba haipo. Nilitaka kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, iniambie ni hatua ipi iliyokataa.

Linux tayari ina nukta ya ufuatiliaji, yaani mahali ndani ya kerneli panapotoa taarifa kila panapopitiwa, iitwayo sched_process_exec, iliyoingia katika toleo la 3.4 mwaka 2012, ila hiyo husema tu pale programu mpya inapokwisha kupakiwa salama. Nukta ya mwisho wa execve, mwito wa kuiomba kerneli ianzishe programu, nayo hutoa namba ya kosa bila kuonyesha lilikozaliwa. Kwa hiyo nilishuka hadi search_binary_handler ndani ya fs/exec.c, mahali ambapo kerneli huvipitia vipakiaji (kila kimoja hushughulikia aina yake ya faili za programu) kimoja baada ya kingine hadi kipatikane kinachoitambua faili, nikauweka mstari wangu mara tu fmt->load_binary inaporudisha jibu.

Nukta yenyewe niliieleza kwa TRACE_EVENT, makro ya kerneli ya kuundia nukta kama hizi. Jina la faili nililinakili kwa __string badala ya kuhifadhi kielekezi chake (anwani ya lilipo kwenye kumbukumbu), kwa kuwa bprm, muundo unaobeba taarifa za programu inayoanzishwa, hufutwa mwito unapokwisha, ilhali anayesoma trace_pipe, faili ya kusomea taarifa za nukta, aweza kufika baadaye. Kipakiaji hakina jina ndani ya muundo wake. Hivyo nilihifadhi anwani ya funksheni yake na kuichapisha kwa %ps, ambayo huigeuza anwani kuwa jina linalosomeka. Uangalifu mkubwa unahitajika kwenye CREATE_TRACE_POINTS, tamko linaloagiza msimbo wa nukta uundwe: katika fs/exec.c inapaswa kutangulia faili yangu ya vichwa peke yake, kwani nukta za sched zimekwisha kuundwa ndani ya kernel/sched/core.c.

Niliiwasha kerneli hiyo ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, nikaandika 1 katika faili ya enable ya nukta yangu chini ya /sys/kernel/tracing/events, kisha nikaiita ile programu sumbufu. Mistari miwili ilitokea: load_script ikiwa na -8 (aina ya faili haitambuliki), halafu load_elf_binary ikiwa na -2 (faili haipo). Wa kwanza ni wa kawaida kabisa, maana faili haikuanza na alama za #!, basi kipakiaji cha skripti kikampisha mwenzake. Wa pili ndio wenye jawabu. Kipakiaji cha ELF, muundo wa kawaida wa faili za programu za Linux, kiliitambua programu, kikasoma ndani yake kwamba inahitaji /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, faili ya glibc inayoiunganisha programu na maktaba zake, na hiyo ndiyo isiyokuwepo. Namba ya kosa ikapanda juu vilevile ilivyo, na mtumiaji akadhani inahusu programu yake.

Skripti halali ya sh huacha mistari mitatu, kwa sababu load_script hurudisha 0 baada ya kumtaja mfasiri (programu inayoisoma na kuitekeleza skripti, hapa sh), na msako huanza upya kwa ajili ya mfasiri huyo.

Ninaithamini nukta hii zaidi pale kosa linapotokea baada ya kumbukumbu ya zamani kwisha kutupwa. Wakati huo execve haina tena wa kumrudishia jibu, mchakato huuawa kwa ishara ya SIGSEGV, na namba hasi iliyonaswa na nukta ndiyo inayoeleza sababu.