Nilivyofanikiwa kuona protini ya kirusi cha kamba ikishikana na Rab7

Habari zenu wadau, hii stori nimekaa nayo muda, leo naimwaga maana najua kuna mtu yuko maabara saa hizi anahangaika na kitu hikihiki.

Niko Thailand nasoma masters, nafanyia kazi kirusi cha madoa meupe cha kamba, WSSV. Nimekulia delta ya Rufiji, mzee anavua kamba mpaka leo, kwa hiyo niliposoma kwamba huu ugonjwa ulianza kuonekana Asia Mashariki 1992, ukaja kufika Msumbiji 2011 na Madagaska 2012, na ukiingia bwawani kamba wanaweza kuisha wote ndani ya siku 3 mpaka 10, sikutaka tena topiki nyingine.

Hiki kirusi kina koti la nje, na protini kubwa kwenye lile koti inaitwa VP28. Mwaka 2006 watafiti wa hukuhuku Thailand walionyesha VP28 inashikana na protini ya kamba mwenyewe, Rab7, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusimamia vifuko vya ndani ya seli vinavyopeleka mizigo ikasagwe. Walipochanganya kirusi na Rab7 ya kutengeneza halafu wakawadunga kamba, vifo vikapungua. Mimi nilitakiwa nikuone huko kushikana kwa macho yangu kabla sijaenda mbele.

Miezi miwili ya kwanza iliishia kwenye VP28 tu. Ukiitengeneza nzima ndani ya bakteria inaganda, unapasua seli, unazungusha kwenye sentrifuji, protini yote imelala chini kama chokaa na juu maji matupu. Shida ni kipande cha mwanzo, kile kinachopenda mafuta, ndicho kinachojichomeka kwenye koti la kirusi, sasa pasipo koti vinang'ang'aniana vyenyewe kwa vyenyewe. Nikakata asidi amino kama 30 za mwanzo, nikashusha joto kutoka 37 mpaka 18 nikaacha usiku kucha, asubuhi protini iko kwenye maji. Nilifurahi jamani.

Baada ya hapo ndo kuvua sasa. Rab7 unaifunga na GST (protini nyingine inayotumika kama kishikio), unaining'iniza kwenye vishanga vya glutathioni, kemikali ambayo GST inaishika, hiyo ndo chambo, unamwaga VP28, unaosha, unaangalia kilichonasa. Mara ya kwanza tu VP28 ikanasa! Nikakimbilia kwa ajarn wangu (huku mwalimu wanamwita hivyo), akaangalia picha kimya kisha akauliza, "GST peke yake iko wapi?" Sikuwa nimeiweka. Nikarudia nikiwa nimeiweka, VP28 imenasa kwenye GST peke yake vilevile, yaani ilikuwa inajigandia popote, Rab7 haihusiki. Usiku ule sikulala.

Kilichonitoa ni vitu vidogovidogo. Nilikuwa namwaga VP28 nyingi mno, nikapunguza mpaka robo. Vishanga nikavilowesha kwanza kwenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe) ili sehemu zinazonatanata zizibwe. Bafa ya kuoshea nikapandisha chumvi kutoka milimola 150 mpaka 300 na kuweka Triton, aina ya sabuni, asilimia 0.1, nikaosha mara tano badala ya mbili. Na jeli ya rangi ya buluu, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa na kuzipaka zote rangi, nikaachana nayo, maana GST ina kDa 26 (kipimo cha uzito wa protini) na bendi yake ni nene inafunika majirani, nikahamia western, yaani unahamishia protini kwenye utando na kusaka moja tu kwa kingamwili, na yangu ni ile inayotambua mkia wa histidini ulioko kwenye VP28 pekee.

Jaribio la nne, niko chumba cha giza na ile taa nyekundu, filamu iko kwenye dawa naitikisa taratibu, mstari wa GST peke yake mweupe kabisa, na pembeni yake kwenye Rab7 unapanda mstari mmoja mweusi, mwembamba, umenyooka. Nikarudia mara mbili zaidi, majibu yaleyale.

Ila kunasa kwenye tyubu hakujaniambia wanakutana wapi ndani ya seli, na hili linanikera kweli, kwa sababu Rab7 inakaa upande wa nje wa kifuko wakati kirusi kikishamezwa kinakuwa ndani ya kifuko, katikati kuna ukuta. Ndo ninachofanya sasa hivi, natoa damu ya kamba walioambukizwa, nazipaka seli rangi mbili, kijani ya VP28 na nyekundu ya Rab7, nazifuatilia kwa hadubini saa baada ya saa.

Kama umeshawahi kupaka rangi seli za damu ya kamba naomba unielekeze unazizuiaje zisigande, zangu zinaganda kabla sijafika kwenye kioo.