Siku moja mezani: bahasha 60 na jina la Mwanaumu

Saa 12 asubuhi. Naanza mapema kuandika majina kwenye bahasha kwa mwandiko wa mapambo, kabla ya joto, mkono ukiwa bado mkavu. Nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya, ni mpya, aina ya Nikko G. Hutoka kiwandani na utando wa mafuta, kwa hiyo naisugua kwa dawa ya meno kidogo, la sivyo wino hujikusanya matone na kugoma kushuka.

Saa 1. Rula, penseli, protrakta. Mwandiko wa Copperplate, ule wa mapambo wenye mistari minene na myembamba, hulazwa nyuzi 55 toka mstari wa chini. Herufi moja ikisimama wima kuliko wenzake, jicho hujikwaa hapo hapo.

Saa 3. Bahasha za harusi zinakwenda vizuri hadi Mwanaumu. Ukiacha M kubwa, zinabaki herufi ndogo saba zisizo na shingo wala mkia: mistari minene 15 ya kushuka, imepangana kama fito za ukuta. Nikajaribu, n, u na m zikaungana kuwa ua moja refu. Wino haukuwa na kosa. Weupe uliobaki katikati ndio haukulingana.

Kiini kilikuwa "wa". Herufi n na u huishia chini, kwa uzi mwembamba unaopanda. Lakini w huishia juu, ikaacha shimo chini yake, kisha tumbo la a nalo linaongeza weupe kwenye pembe. Ukipima kwa rula, nafasi ni sawa. Ukitazama, kuna pengo. Lazima a isogezwe.

George Bickham, mchongaji wa Kiingereza, alichonga mabamba yake ya shaba ya mifano ya mwandiko huu London kati ya 1733 na 1741, kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tuna Mwajuma, Mwanaidi, Wambura. "Wa" iko kila mahali. Ndiyo maana kila wiki najaza ukurasa mzima wa "wa" tu, na sijutii hata karatasi moja.

Saa 7. Wali maharage. Feni imezimwa, maana hukausha wino kwenye nibu.

Saa 9. Nageuza bahasha juu chini. Jina halisomeki tena, nabaki na vipande vyeusi na vyeupe, na hapo naona a na u zimebanana. Naandika mara ya nne. Sasa inapumua.

Saa 12 jioni. Zimekamilika 57. Naosha nibu, naikausha kwa kitambaa. Kesho naanza na Mwanahamisi: a tatu, lakini angalau ina h ya kupumzishia jicho.