Shaba na ukoo wake: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari

Shaba ametimiza miezi minane. Nilimnunua kwa ulinzi tu, hapa Rongai, baada ya wezi kubeba tangi la maji pamoja na mabati ya banda la kuku. Ni Rhodesian Ridgeback, mwekundu kama jina lake, na mgongoni ana ule mstari wa nywele zinazolala kuelekea kichwani badala ya mkiani. Mawazo ya kumzalisha yalikuja baadaye, na nakiri yaliletwa na bei. Nilipojua watoto wenye cheti cha nasaba wanauzwa kiasi gani, usiku uleule nilipiga hesabu ya watoto wanane kwenye simu, nikiwa kitandani.

Asubuhi nikampigia daktari wa mifugo kuuliza habari za dume. Akanijibu kwa swali: "Mbali na huyo wako, umewahi kuona Ridgeback wangapi?" Mmoja, nikasema, naye yuko nyuma ya geti. "Basi mpeleke maonyesho kwanza, mwaka mzima, halafu tuzungumze."

Karatasi ziko sawa. Alikuwa ameshaandikishwa East Africa Kennel Club, chama cha wenye mbwa, ilibaki kubadilisha jina la mwenye mbwa tu.

Februari

Kila Jumamosi tunafanya mazoezi na mzee mmoja aliyewahi kuonyesha mbwa kwa miaka mingi. Nilidhani kuonyesha mbwa ni kumwosha na kumtembeza. Kumbe kuna kusimama tuli huku mtu usiyemjua akikupapasa kuanzia fuvu mpaka mkia, kuna kufunuliwa midomo meno yahesabiwe, na kuna mwendo. Mwendo wenyewe ni mchakamchaka, si kutembea wala si mbio, kwa sababu hapo ndipo miguu husema ukweli wa mifupa. Shaba ana tabia ya kutupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kama ngamia. Mzee anasema ni uvivu wake au wangu, nikaze mwendo. Nimekaza. Nimepungua kilo mbili.

Shaba hajapungua. Nilimpima kwa daktari, akaja kilo 35.4. Kanuni za aina hii zinataka jike awe karibu kilo 32. Ugali wa omena mara tatu kwa siku umekwisha leo.

Machi

Maonyesho ya kwanza, Jamhuri. Tulifika saa moja na nusu asubuhi kwa Probox ya jirani, Shaba amejaza kiti cha nyuma chote, mimi nimeshika mfuko wa maini ya kuchemsha. Niliogopa watu kuliko yeye. Namba ikafungwa mkononi, tukaingia ulingoni, tulikuwa watatu kwenye daraja letu.

Mwamuzi alipogusa mdomo, Shaba akarudi nyuma na kukaa. Akajaribu tena, akakaa tena. Tukatoka wa tatu kati ya watatu.

Baada ya daraja kwisha nilimfuata mwamuzi kwa heshima, nikamuuliza ameona nini. Akanipa dakika tano ambazo zimenifaa kuliko utepe wowote. Mgongo wenyewe umenyooka vizuri, kifua kina kina cha kutosha, lakini magoti ya nyuma yanaingiliana kidogo kama ya ng'ombe, na mbwa ni mnene. Halafu akasema nikapime mataji.

Mataji ni yale mazingo mawili ya nywele mwanzoni mwa mstari, nyuma tu ya mabega. Yanatakiwa kuwa mawili, yenye kufanana, yakielekeana, na ukingo wake wa chini usipite theluthi moja ya urefu wa mstari. Kanuni hizi ziliandikwa mara ya kwanza Bulawayo mwaka 1922, na mwandishi wake, Francis Barnes, aliazima sehemu kubwa kutoka kanuni za mbwa aina ya Dalmatian. Lakini mstari wenyewe haukutoka Ulaya. Ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, waliokuwa nao kusini mwa Afrika kabla ya mzungu yeyote kushika karatasi. Hilo nalipenda. Jioni nilichukua rula: mstari sentimita 34, mataji yanaishia sentimita 10. Yamo ndani. Begani ana sentimita 64, na jike anatakiwa awe kati ya 61 na 66.

Aprili

Ameingia joto kwa mara ya kwanza. Hakuna maonyesho, hakuna mazoezi. Wiki tatu za kufukuza madume ya mtaa kwa fagio.

Mei

Jamhuri tena. Kilo 32.6, meno yameonekana, mchakamchaka bila ungamia. Tumekuwa wa kwanza. Sitajifanya haikunipendeza, utepe bado uko kwenye kioo cha kabati.

Hatujafika hata kwenye kivuli, jamaa mmoja mwenye dume akaja. Dume zuri kweli, kichwa kama kimechongwa. Akasema tupandishe joto lijalo, yeye achukue mtoto mmoja tu, wengine wangu. Ile hesabu ya kitandani ikarudi mara moja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali.

Pembeni alikuwa ameketi mama mmoja na Ridgeback wake wawili, wazee wa mdomo mweupe. Alikuwa akitusikia. Akaniuliza, "Mwanangu, ndugu zake huyu umewaona?" Nikasema sijui hata walipo. "Mmoja yuko pale," akanionyesha kwa kidole, upande wa pili wa ulingo. "Kamshike shingo."

Kaka yake Shaba! Mama mmoja, baba mmoja, siku moja. Mwenye mbwa huyo ni kijana mcheshi kutoka Kiambu, aliniruhusu bila kinyongo. Nilipitisha vidole kwenye ukosi wa mbwa na nikakuta kovu, refu kama kidole changu cha kati. Alikuwa na sainasi ya demoidi, wakamfanyia upasuaji akiwa na miezi mitatu.

Kwa asiyeijua: ni kijitundu kwenye ngozi ya mgongo, mara nyingi shingoni, kinachoshuka kama mrija mwembamba kuelekea uti wa mgongo. Mtoto huzaliwa nacho. Hukijui kwa macho, unavuta ngozi juu na kuviringisha kati ya vidole mpaka uhisi kama kuna uzi unaoshikilia chini. Ukikiacha kinaweza kupata usaha, na kikiwa kirefu maambukizi yanaweza kufika kwenye uti wenyewe. Aliyeniuzia Shaba hakuwahi kutaja lolote.

Mama yule akanifungulia darasa hapo kwenye kiti cha plastiki. Mstari wa mgongo unaletwa na kipande cha vinasaba kilichojirudia, jambo lililothibitishwa na watafiti mwaka 2007. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuleta mstari. Mbwa mwenye nakala mbili ana mstari uleule, huwezi kuwatofautisha kwa macho, ila yeye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kile kijitundu. Yaani sifa inayompa mbwa huyu jina na ugonjwa wake vinatoka mlango mmoja. Na ukipandisha wawili wenye nakala mojamoja, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anazaliwa bila mstari kabisa. Zamani wazalishaji wengi waliwaua hao, eti wanaharibu jina. Wakati mbwa asiye na mstari ni mzima wa afya, kosa lake ni nywele.

Nikauliza, sasa mwamuzi mbona hakuniambia? Akacheka. "Mwamuzi anamwona mbwa wako. Ukoo utautafuta wewe. Wewe ukiletewa posa ya binti yako, unaangalia suti ya bwana harusi tu?"

Yule jamaa mwenye dume nilimwomba picha za eksirei za nyonga za dume lake. Alisema atanitumia. Nangoja.

Julai

Shaba ana miezi 14, tumepiga eksirei ya nyonga na viwiko. Alipewa dawa ya usingizi, akalazwa chali kama mlevi, miguu imevutwa sawasawa, maana picha ya nyonga iliyopinda haisomeki. Daktari haoni tatizo, lakini hataki kuzipa alama mwenyewe. Kwa mtindo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, alama huanzia A, nyonga safi, hadi E, mbovu kabisa, na msomaji awe mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Zimetumwa.

Gharama yake imemeza bei ya mtoto mmoja kwenye ile hesabu yangu ya Januari. Nimeanza kuelewa kwa nini wengi huruka hapa.

Agosti

Alama zimerudi: nyonga A upande wa kulia, B upande wa kushoto, viwiko safi. Nimefurahi kwa siku moja, kisha nikarudi kwenye orodha.

Orodha iko kwenye mlango wa friji. Walizaliwa tisa. Aliyeniuzia alikata simu mara mbili, ya tatu akasema "hiyo ni biashara ya kila mtu na mbwa wake." Kwa hiyo nawatafuta kupitia watu wa maonyesho. Kijana wa Kiambu amefungua kikundi cha WhatsApp, kinaitwa Familia ya Shaba, jambo ambalo mbwa wake hakulipenda, anasema. Hadi sasa:

Shaba, mzima. Kaka wa Kiambu, kovu. Dada aliyeko Nakuru, mzima, mataji matatu badala ya mawili, analala kitandani kwa watoto na hakuna anayejali mataji. Kaka wa Kitengela, mzima ila anaogopa radi. Na mmoja aliyezaliwa bila mstari. Huyo tumeambiwa "alitolewa," na hakuna anayetaka kueleza alitolewa wapi.

Huyo wa mwisho amenifundisha kitu ambacho hakuna cheti kilichoniandikia: baba na mama wote wana nakala mojamoja. Kwa hiyo Shaba ana bahati mbili kwa moja ya kuwa na nakala moja tu. Kwa hesabu tupu, jike mwenye nakala mbili akipandwa na dume asiye na mstari, watoto wote wangezaliwa na mstari, wote na nakala moja. Nililisema hili kwa watu wawili uwanjani, wakaniangalia kama nimetukana.

Oktoba

Jana tulikuwa wa pili kati ya wanne. Mwamuzi mwingine kabisa, naye akasema habari ya magoti ya nyuma. Wawili wakisema neno moja bila kujuana, sina budi kuliandika: dume atakayekuja, akija, lazima nyuma yake iwe imenyooka. Yule wa Mei anatembea kama Shaba. Na picha za nyonga hajatuma hadi leo.

Leo asubuhi nimeona damu kwenye gunia lake la kulalia. Joto la pili. Daktari amepiga simu kuuliza kama nimeamua, nikamwambia kwenye orodha ya friji kuna mistari minne mitupu bado. Mbwa wa kinyozi, yule mwenye sikio moja, ameshafika na amekaa nje ya geti. Nimeongeza mnyororo wa pili na kuziba pengo la chini kwa mawe.