Nyani na chango langu

Tangu nivunje ungo, kila nikiingia mwezini nilijilaza sakafuni, ubaridi wa saruji ukinituliza tumbo. Kwetu Majengo ugonjwa huu ulikuwa na jina moja tu: chango. Nilinyweshwa mizizi, nikakandwa, nikaambiwa nikizaa litapoa. Nikaolewa. Mwaka wa nne ukapita sijashika mimba.

Alasiri moja ya Kaskazi shangazi alinipeleka kwa daktari wa wanawake, mtaani Tudor, Mombasa. Mzee yule alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia. Akageuza karatasi ya dawa, akachora kizazi, na nje yake akatia vitone vya wino.

"Nahisi nyama kama ya ndani ya kizazi imeota huku nje, mwanangu. Yaitwa endometriosisi. Katika kila wanawake kumi wa umri wa kuzaa, mmoja anayo."

"Yatoka wapi?" akauliza shangazi.

"Hata nyani huupata, mama."

Akatueleza. Nyani jike hupata hedhi kama sisi, mzunguko wake siku 33 hivi. Katika taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani aliyoianzisha mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1960, ambayo sasa ipo Karen, Nairobi, watafiti waliichukua hedhi ya nyani wakaitia ndani ya tumbo lake mwenyewe, wakautazama ugonjwa ukiota tangu mwanzo. Kwa mwanamke huwezi, maana akifika kwa daktari, ugonjwa una miaka tayari.

"Siku zake wanazijuaje?"

"Kwa makalio. Huvimba yai likikaribia kupevuka, kisha hunywea."

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio. Mimi mawazo yakanirudisha Shimba Hills kwa bibi, tulikowafukuza nyani mahindini kwa manati, tukiimba nyani haoni kundule. Jike mmoja alizoea kukaa juu ya kichuguu, amevimba, akimenya hindi jani baada ya jani. Tulimlenga yeye hasa. Moyo uliniuma pale kitini.

"Huumia?" nikauliza.

"Hulazwa kwa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa, na kila utafiti sharti uidhinishwe na kamati. Lakini anaishi kizimbani, mwanangu. Hilo sikufichi."

Karatasi niliikunja nikaitia mkobani. Wiki mbili baadaye kamera iliingizwa kupitia kitovuni, na vitone vilikuwapo, karibu pale pale alipovichora.